Darwin alimwibia Wallace? Hakuibiwa, ila hakuulizwa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Ijumaa ijayo tuna mdahalo wenye mada "Charles Darwin aliiba nadharia ya mageuko kutoka kwa Alfred Russel Wallace". Nimepangwa upande unaounga mkono. Mtandaoni nimesoma kwamba Darwin alipokea barua ya Wallace, akaificha, akanakili yaliyomo, kisha akatoa kitabu. Kwenye daftari letu Wallace ana mstari mmoja tu. Ni kweli aliibiwa? Na kama hakuibiwa, mbona hatumsikii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Habari mbaya kwanza: umepangwa upande wenye kesi dhaifu. Hakuna ushahidi kwamba Darwin aliiba, na upo ushahidi mwingi, wenye tarehe, kwamba hakuiba. Lakini usikate tamaa. Ndani ya kisa hiki limo jambo ambalo mtu mwenye kupenda haki anaweza kulilalamikia, nalo si wizi. Ni mtu kuamuliwa mambo yake akiwa mbali, bila mwenyewe kuulizwa. Tutafika huko. Kwanza umjue huyo Wallace, maana mstari mmoja haumtoshi, na mimi mwenyewe nilipoanza kufundisha nilikuwa nampa mstari huohuo.

Alizaliwa tarehe 8 Januari 1823 karibu na mji wa Usk, Wales. Baba yake alisomea sheria lakini hakuifanyia kazi. Fedha alizorithi alizitia kwenye biashara zisizolipa, na familia ikawa inahama kutoka nyumba nafuu kwenda nyumba nafuu zaidi. Alfred akaacha shule akiwa na miaka 14 hivi. Akamfuata kaka yake William, mpima ardhi, wakawa wanatembea mashamba na vilima huku wakivuta mnyororo wa kupimia. Jioni alijifunza majina ya mimea kwa kijitabu cha bei rahisi. Chuo kikuu hakukiona ndani.

Mwaka 1844 akapata kazi ya kufundisha katika shule moja mjini Leicester. Maktaba ya mji ule ndiyo ilimpa vitu viwili vilivyogeuza maisha yake: kitabu cha Thomas Malthus kuhusu idadi ya watu, na urafiki wa kijana aitwaye Henry Walter Bates, mkusanyaji wa mbawakawa. Bates alimwambia kwamba kuuzunguka mji huo mmoja, ndani ya maili 10, huenda zipo aina elfu moja za mbawakawa. Wallace alipigwa na butwaa. Elfu moja! Za nini zote hizo? Mwaka uliofuata akasoma kitabu kilichotolewa bila jina la mwandishi, kikidai kwamba spishi hubadilika kadiri nyakati zinavyopita. Wanasayansi wengi walikidhihaki kitabu hicho. Wallace aliona kina dai linalofaa kuchunguzwa, na kuanzia hapo akawa mtu mwenye swali moja: spishi mpya hutoka wapi?

Mweke sasa Darwin kando yake. Huyu alizaliwa 12 Februari 1809 Shrewsbury, baba daktari tajiri, mama binti wa ukoo wa Wedgwood wenye viwanda vya vyombo vya udongo. Alisoma Edinburgh, kisha Cambridge. Merikebu ya Beagle aliipanda Desemba 1831 akashuka Oktoba 1836, na gharama zake zilitoka mfukoni mwa baba. Maisha yake yote hakuwahi kutafuta ajira. Simsemi kwa ubaya, nataka tu uone kwamba mmoja alikuwa na muda wa kusubiri miaka 20, na mwingine, asipouza wadudu mwezi huu, mwezi ujao hana chakula.

Wallace na Bates waliondoka Liverpool Aprili 1848 kuelekea mto Amazon. Mpango wao ulikuwa wa kibiashara: sampuli moja wabaki nayo, nyingine zipelekwe London kwa wakala wao, Samuel Stevens, awauzie makumbusho na matajiri waliopenda kupamba makabati yao kwa vipepeo. Wallace alikaa miaka minne, akaupanda mto Negro hadi mahali ambapo Wazungu wachache walikuwa wamefika. Mdogo wake, Herbert, alimfuata kumsaidia, akafa kwa homa ya manjano mwaka 1851. Mwaka uliofuata Wallace mwenyewe, mgonjwa, akapanda merikebu ya Helen kurudi kwao. Tarehe 6 Agosti 1852, katikati ya Atlantiki, shehena ikashika moto. Aliwahi kuchukua kisanduku cha bati chenye michoro ya samaki na mitende na karatasi kidogo. Ndege, wadudu na madaftari ya miaka, vyote viliteketea akivitazama kutoka kwenye mashua. Walielea siku 10 kabla ya kuokolewa na meli iliyotoka Cuba. Stevens, Mungu ambariki, alikuwa amemkatia bima ya pauni 200 bila yeye kujua.

Aliandika kwamba tangu aondoke Amazon ameapa mara 50 kutokanyaga tena bahari. Baada ya miezi 17 alikuwa melini tena.

Safari hii, mwaka 1854, alikwenda kwenye visiwa vya Malay, Indonesia na Malaysia za leo, akazunguka miaka minane na maili zipatazo 14,000, mara nyingi kwa mitumbwi na majahazi ya wenyeji. Hesabu aliyoitoa mwenyewe ni sampuli 125,660, na kati yake mbawakawa peke yao ni 83,200. Ukisikia namba hizo usimfikirie mtu mmoja mwenye wavu. Tangu Sarawak alikuwa na kijana wa Kimalayu aitwaye Ali, aliyeanza kama mpishi, akawa fundi wa kulenga ndege na kuchuna ngozi zao. Huyu Ali ndiye aliyerudi siku moja kisiwani Bacan, mwaka 1858, na ndege wa ajabu kiunoni mwake, mwenye manyoya marefu meupe yaliyosimama kwenye mabawa. Alikuwa ndege wa peponi asiyejulikana na sayansi. Jina alilopewa ni Semioptera wallacii. Basi wewe unayetaka kulalamika kwamba Wallace amefunikwa na Darwin, mkumbuke na Ali aliyefunikwa na Wallace. Mwaka 1907 mwanasayansi wa Kimarekani, Thomas Barbour, alikutana kisiwani Ternate na mzee mwenye kofia ya tarbushi ya buluu iliyochujuka. Mzee akajitambulisha: "Mimi ni Ali Wallace."

Turudi kwenye nadharia. Februari 1855, mvua zikimfungia ndani Sarawak, Wallace aliandika makala iliyochapishwa London Septemba mwaka huo. Hoja yake ni hii: kila spishi imetokea mahali na wakati ambapo tayari palikuwepo spishi nyingine iliyo jamaa yake wa karibu. Soma tena sentensi hiyo polepole. Hajasema spishi moja imezaa nyingine, lakini ni kama mtu akuambie kwamba kila mtoto mtaani amezaliwa jirani na watu wanaofanana naye. Unaachiwa umalizie mwenyewe. Charles Lyell, mwanajiolojia mkubwa wa zama hizo na rafiki wa Darwin, aliisoma akashtuka. Alipomtembelea Darwin Aprili 1856 alimhimiza achapishe mawazo yake haraka kabla mwingine hajamtangulia. Darwin akaanza kuandika kitabu kikubwa, ila kwa mwendo wake uleule.

Mwezi Juni mwaka huo Wallace alikosa meli ya moja kwa moja kwenda Makassar, akalazimika kupitia Bali na Lombok. Bali aliona ndege wa Asia, wakiwemo gotagota. Akavuka mlango wa bahari wa kilomita 35 hivi hadi Lombok, akakuta kasuku weupe wenye vishungi na ndege wafukiao mayai yao kwenye vichuguu vya majani, jamaa wa Australia kabisa. Visiwa viwili vinavyotazamana, hali ya hewa moja, udongo wa volkano uleule, na bado wanyama wake ni wa mabara mawili. Kama kila kiumbe kiliwekwa mahali kwa kuwa pale panakifaa, tofauti hii inatoka wapi? Jibu liko chini ya maji: mkondo ule ni wenye kina kirefu, kwa hiyo hata bahari iliposhuka katika zama za barafu na Bali ikaungana na Java, Lombok ilibaki peke yake. Mpaka huo leo unaitwa Mstari wa Wallace.

Sihitaji kukupeleka Indonesia uone jambo hili. Chukua Unguja na Pemba. Maji kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na bahari iliposhuka Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Ndiyo maana ina kima punju wake, na ilikuwa na chui. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na Pemba imejitenga muda mrefu zaidi. Ina ninga wake, bundi wake mdogo na chozi wake, ambao huwapati kwingineko duniani. Kima punju walioko Pemba, katika msitu wa Ngezi, walipelekwa na watu. Mtu mwenye macho ya Wallace angeshuka Wete, akae wiki mbili, na angeshuku kina cha ule mkondo kabla hajaona ramani yoyote ya bahari.

Sasa Ternate, kisiwa kidogo chenye volkano, kimojawapo cha vile vilivyokuwa chimbuko la mikarafuu yote duniani, hata hii ya Pemba iliyotufikia kwa kupitia visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Februari 1858 Wallace alikuwa huko, au katika kisiwa jirani cha Halmahera, akipigwa na homa za vipindi. Nje joto lilikuwa nyuzi 31 na yeye kajifunika mablanketi anatetemeka. Wewe na mimi tunaijua hali hiyo. Akili yake ikarudi kwa Malthus aliyemsoma Leicester: kwamba magonjwa, njaa na vita huzuia watu wasiongezeke kupita kiasi. Akajiuliza, na wanyama je? Wanazaa kwa kasi kuliko sisi, mbona hawaijazi dunia? Alikokotoa kwamba jozi moja ya ndege, ikizaa makinda wanne kwa kila uzao na mara nne tu maishani, katika miaka 15 ingefikia karibu ndege milioni 10. Na hawaongezeki hivyo. Basi kila mwaka wanakufa wengi mno. Kwa nini hawa wafe na wale wapone? Jibu likamjia: kwa jumla wanaopona ni wale wenye kitu cha ziada, wenye afya zaidi ugonjwa ukija, wepesi zaidi adui akija, hodari zaidi wa kutafuta chakula njaa ikija. Sifa zao zinaendelea kwa watoto, na jamii nzima hubadilika kidogokidogo bila mwisho. Homa ilipotulia akaanza kuandika usiku huohuo, na kwa usiku mwingine mbili akamaliza.

Hapo ndipo linapoanza suala lako. Makala ile hakuipeleka kwenye jarida. Aliipeleka kwa Darwin, ambaye walikuwa wamekwisha kuandikiana, akamwomba kwamba akiona ina maana amwonyeshe Lyell. Hakuomba ichapishwe.

Darwin alisema aliipokea tarehe 18 Juni 1858. Siku hiyo alimwandikia Lyell kwamba hajawahi kuona mambo yakigongana namna ile. Hata kama Wallace angekuwa na muhtasari ambao Darwin aliuandika mwaka 1842, alisema, asingeweza kuufupisha vizuri zaidi. Akalalamika kwamba upya wote wa kazi yake, kiasi chochote kilichokuwapo, sasa umevunjwavunjwa. Siku chache baadaye akaandika kwamba ni afadhali akichome kitabu chake chote kuliko Wallace au mtu yeyote amdhanie ametenda kwa roho ndogo.

Utaniuliza, mwizi si anaweza kuandika maneno matamu? Anaweza. Kwa hiyo weka maneno kando tazama karatasi. Mwaka 1837 Darwin alianza daftari kuhusu kubadilika kwa spishi, na humo kachora mti wa matawi wa nasaba za viumbe. Mwaka 1838 naye alimsoma Malthus, yuleyule. Mwaka 1842 aliandika kwa penseli muhtasari wa kurasa 35, na mwaka 1844 akaupanua kuwa insha ya kurasa zipatazo 230. Alimwachia mkewe Emma barua ya kumtaka, akifa ghafla, atenge pauni 400 ichapishwe. Rafiki yake Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea, aliisoma. Na tarehe 5 Septemba 1857 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea huko Marekani, akimweleza uteuzi asilia, yaani ile hoja ya wenye kitu cha ziada kupona na kurithisha sifa zao, pamoja na namna spishi moja inavyochanua kuwa nyingi. Makala ya Ternate ilikuja miezi mitano baadaye. Barua iliyokwishavuka Atlantiki na kuwa mikononi mwa mtu mwingine huwezi kuichomolea sentensi usiku.

Mbona basi alikaa kimya miaka yote hiyo? Hapa wanahistoria hubishana. Mwaka 1844 ndio kitabu kile kisicho na jina kilitoka kikachekwa, na Darwin aliona jinsi mwenye hoja isiyokamilika anavyoraruliwa. Alikuwa mgonjwa karibu kila siku. Mkewe alikuwa mcha Mungu, na yeye hakutaka kumuumiza. Juu ya hayo alitumia miaka minane, 1846 hadi 1854, kuchunguza vile viumbe vigumu vyenye gamba vinavyoganda kwenye miamba na kwenye matumbo ya majahazi, wale ambao mabaharia wetu huwakwangua chombo kikipandishwa pwani. Mimi sioni siri kubwa hapo. Alikuwa mtu wa kutaka uhakika juu ya uhakika, na hakuna aliyekuwa akimdai kodi ya nyumba.

Ile hadithi ya mtandaoni ya kuficha barua ina mzizi wake. Barua nyingine ambayo Wallace aliituma kutoka Ternate ina muhuri wa posta wa Leicester wa tarehe 3 Juni 1858. Watu wakasema: kama zilisafiri pamoja, ya Darwin nayo ilifika mapema Juni, na alikaa nayo wiki mbili akifanya nini? Mwaka 2012 watafiti wawili, John van Wyhe na Kees Rookmaaker, walifuatilia ratiba za meli za barua kutoka visiwa vya Waholanzi, kupitia Singapore na Suez, hadi Southampton. Hoja yao ni kwamba Wallace alikuwa akijibu barua ya Darwin iliyomfikia kwa meli ya Machi, kwa hiyo jibu lake liliondoka kwa meli ya Aprili, na safari hiyo inafikisha barua nyumbani kwa Darwin tarehe 18 Juni hasa. Wapo wasioridhika. Lakini hata tukiwapa hizo wiki mbili bure, insha ya 1844 na barua ya Gray zinabaki pale pale.

Sasa njoo kwenye lililo na uzito. Darwin aliwaachia Lyell na Hooker waamue. Nyumbani kwake mtoto wake mchanga, Charles Waring, alikuwa na homa ya vipele vyekundu, akafariki tarehe 28 Juni. Marafiki hao wawili walipanga maandishi ya watu wote wawili yasomwe pamoja mbele ya Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe, London, tarehe 1 Julai 1858. Ikasomwa kwanza dondoo ya insha ya Darwin ya 1844, kisha sehemu ya barua kwa Gray, na mwisho kabisa makala ya Wallace. Darwin hakuwepo. Wallace alikuwa New Guinea, mgonjwa, akikusanya ndege, na hakujua lolote. Habari zilimfikia Oktoba.

Pima mwenyewe. Dondoo mbili za Darwin hazikuandikwa kwa kuchapishwa. Makala pekee iliyokuwa kamili na tayari ilikuwa ya Wallace, na kwa desturi ya sayansi anayewahi kuleta kazi iliyokamilika ndiye mwenye haki ya kutangulia. Wakubwa wawili, marafiki wa Darwin, walimweka wa tatu kwenye foleni aliyoianzisha yeye, kwa makala ambayo hakutoa ruhusa ichapwe, wala hakupewa nafasi ya kuipitia. Ungemwandikia, na jibu lingechukua karibu miezi sita kwenda na kurudi, ni kweli. Wengine husema huo ndio udhuru. Mimi nasema Darwin alikwishangoja miaka 20, miezi sita isingemuua.

Wallace mwenyewe alifurahi, na alifurahi kweli. Alimwandikia mama yake kwa majivuno kwamba amepata barua kutoka kwa wanasayansi wawili wakubwa wa Uingereza. Alipokisoma kitabu cha Darwin, kilichotoka 24 Novemba 1859 kwa nakala 1,250, alimwambia Bates kwamba yeye asingeweza kamwe kukifikia kwa ukamilifu. Kitabu chake kuhusu visiwa vya Malay, cha 1869, alimtunukia Darwin. Na mwaka 1908, chama kilekile kilipoadhimisha miaka 50, mzee Wallace alisimama akasema kwamba mgawo wao katika sifa unapaswa kuwa kama miaka 20 kwa wiki moja. Hayo si maneno ya mtu aliyedhulumiwa, au kama alidhulumiwa, hakutaka tumlilie.

Kuhusu kutosikika kwake, ujue kwamba alipokufa, 7 Novemba 1913, alikuwa miongoni mwa wanasayansi mashuhuri zaidi duniani. Kusahauliwa kulikuja baadaye. Sababu moja ni kwamba mwaka 1858 hakuna aliyestuka. Hata rais wa chama kile alisema mwaka huo haukuwa na ugunduzi wa kutikisa sayansi. Kilichotikisa ni kitabu, na kitabu kilikuwa cha Darwin. Sababu nyingine aliijenga mwenyewe: mwaka 1889 alitoa kitabu kizima cha kuutetea uteuzi asilia akakipa jina "Darwinism". Ukimpa mwenzako jina la mtoto wenu, usishangae watu wakimwita mtoto wa mwenzako.

Tena alikuwa na mambo yake. Kuanzia miaka ya 1860 alihudhuria vikao vya kuita mizimu na kuamini alichokiona. Mwaka 1869 akaandika kwamba akili ya binadamu haiwezi kuelezwa kwa uteuzi asilia peke yake, lazima ipo nguvu ya juu iliyoongoza. Darwin, aliposikia hayo yanakuja, alimwandikia kwamba anatumaini hajamuua kabisa mtoto wao. Alipinga chanjo ya ndui. Alitaka ardhi iwe mali ya taifa. Mwaka 1870 alikubali dau la pauni 500 na mtu aliyeamini dunia ni bapa, akamthibitishia kwa vipimo juu ya mfereji kwamba imepinda, na malipo yake yakawa miaka ya matusi na kesi. (Watu wa dunia bapa bado tunao, na bado hawakubali vipimo.) Mwanasayansi mwenye orodha hiyo ni vigumu kumtundika picha ukutani.

Lakini alipokuwa ndani ya fani yake, alikuwa hatari. Okidi moja ya Madagascar ina mrija wa nekta unaokaribia sentimita 30. Darwin alisema mwaka 1862 kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika chini. Wallace, mwaka 1867, akaenda mbali zaidi: alipima ulimi wa nondo mkubwa wa Afrika ya kitropiki, akasema jamaa yake mwenye ulimi mrefu zaidi atafutwe Madagascar, na atapatikana. Mwaka 1903 akaelezwa, na katika jina lake likatiwa neno praedicta, maana yake "aliyetabiriwa".

Na ujue pia kwamba Darwin hakumtupa. Wallace alipokuwa hana kipato cha uhakika, ni Darwin aliyewakusanyia sahihi wakubwa hadi serikali ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, 1881. Mwaka uliofuata Wallace alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Darwin kuingia Westminster Abbey.

Sasa Ijumaa. Ukiweza, mwombe mwenyekiti uhamie upande wa pili. Asipokubali, achana na hadithi ya kuficha barua, kwa sababu mwanafunzi yeyote aliyejiandaa atakujibu kwa Asa Gray na utakaa chini. Simama kwenye tarehe 1 Julai: waulize wapinzani wako wakutajie siku ambayo Wallace aliombwa ruhusa. Hawataipata. Watasema alishukuru. Wajibu kwamba shukrani ya mtu aliyearifiwa miezi mitatu baadaye haigeuki kuwa ruhusa. Na akitokea mjanja wa kukuuliza "sasa hapo kilichoibwa ni nini?", mwambie ni zamu, si nadharia. Kisha ukae kabla hajakuuliza jingine.

Uniandikie Jumamosi uniambie ilikuwaje.